"Damn", "bloody", "hell": matusi haya ya Kizungu yana uzito gani?

Nakuomba radhi mapema, kwani makala ya leo yatataja maneno ambayo hungependa mwanao ayaseme mbele ya wageni. Nitayataja yale mepesi tu. Mazito nitayapita kwa mbali, nawe unayeyajua utajua nimepita wapi.

Swali ni hili: neno kama "damn", "bloody" au "hell" ni tusi, au ni mshangao tu kama sisi tunavyosema "ala!" na "lo!"? Vijana wetu wanayatia katika maneno yao kama chumvi. Wameyaokota kwenye filamu, kwenye mpira wa Uingereza, kwenye nyimbo, na midomoni mwa watalii wenyewe. Ukimkemea mmoja atakujibu, "Hilo si tusi, hata Wazungu wanalisema kwenye televisheni." Ni kweli wanalisema. Lakini jibu hilo lina tundu, na kwa mtu anayetafuta riziki hotelini, tundu hilo laweza kumtoa kazini.

Tuanze na jambo ambalo Kiswahili kinalitenganisha na Kizungu kinalichanganya. Sisi tuna kuapa, tuna kulaani, na tuna kutukana. Mtu akisema "Wallahi sijaiona simu yako," ameapa. Akisema Mwenyezi Mungu amwangamize aliyeiiba, amelaani. Akimtajia mwenzake uchi wa mamake, ametukana. Ni mambo matatu na kila moja lina hukumu yake, kwa watu na kwa Mola. Sasa tazama Kizungu. Neno "swear" ni kuapa mahakamani, na hilohilo ni kutukana barabarani. Neno "curse" ni kulaani, na hilohilo ni kutukana. Mwanafunzi akiliona katika kamusi anadhani ni upungufu wa lugha. Kumbe ni historia.

Uingereza ya zamani, tusi la kutisha halikuwa la mwili, lilikuwa la dini. Kuapa ovyo kwa jina la Mungu ndiko kulikowashtua watu. Mwaka 1606, enzi za Mfalme James, Bunge lao lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 mwigizaji yeyote atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Pauni 10 za wakati ule si za kununua soda, zilikuwa mali. Shakespeare alikuwa hai bado, na wenye michezo ya kuigiza ikabidi wachunge ndimi zao. Kwa karne zilizofuata watu wakafanya kile ambacho watu wa kila lugha hufanya wakikatazwa neno: wakalipinda. "God" ikazaa "gosh" na "golly". "Damn" ikazaa "darn". "Hell" ikazaa "heck". Hayo ni maneno yaliyovishwa barakoa, na ndiyo maana hata leo wapo Wakristo wazee, Uingereza na Marekani, wasiopenda kuyasikia, kwa sababu wanamjua aliye nyuma ya barakoa.

Kwa hivyo "damn" kwa asili yake ni kumlaani mtu atupwe Motoni, na "hell" ni Jahanamu yenyewe. Kwa sikio la mtu wa hapa kwetu hayo ni mazito kupita kiasi. Nani atamwombea mwenzake Moto kisha waendelee kunywa kahawa pamoja? Lakini katika Uingereza ya leo, ambako watu wengi hawaendi tena kanisani, moto wa neno hilo umepoa. Mzee amemwaga chai, amesema "damn", amechukua kitambaa amefuta meza. Hakumlaani yeyote. Maana iko palepale kwenye kamusi, uzito ndio uliohama.

Hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu: tunautafuta uzito wa tusi ndani ya maana yake. Nipe ruhusa ya mfano usio mzuri mezani. Kwa Kizungu, kinyesi kikitajwa na mtoto ni "poo". Kikitajwa na daktari wa maabara ni "stool". Mtu aliyeudhika kidogo atasema "crap", na aliyeudhika zaidi atasema lile lianzalo na herufi S. Kitu ni kimoja, harufu ni moja. Neno la kwanza halina kosa, la pili ni la hospitali, la tatu ni tusi jepesi, la nne limepanda daraja. Wala tusijifanye hatuelewi, kwani nasi tunayo hayo. Mkulima anasema ametia mavi ya ng'ombe shambani na hakuna anayegeuka kumtazama. Lirushe neno hilohilo usoni mwa mtu sokoni Kongowea uone.

Waingereza, ambao hupenda kupima kila kitu, wameyapima hata matusi. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini mwao, ilichapisha mwaka 2016 utafiti wa namna wananchi wanavyoyapokea maneno ya kuudhi kwenye televisheni na redio. Maneno yakapangwa kwa ngazi, kuanzia mepesi hadi makali kabisa. Kwenye ngazi ya chini, ya mepesi, ndipo wamekaa "damn", "bloody", "crap", "arse" na "bugger". Humo pia limo jina la Mungu na la Nabii Isa yanaposemwa kwa kushtuka au kwa hasira. Lile la herufi S liko ngazi ya kati. Yale makali hasa, ambayo siyataji, hayatakiwi kusikika kabla ya saa tatu usiku, kwani kabla ya hapo watoto huwa bado wako macho. Sisi Kenya nasi tuna mpaka wetu: kanuni za utangazaji zinataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kutazamwa na jamaa nzima. Intaneti haina saa, lakini hiyo ni makala nyingine.

Sasa angalia vizuri kilichopimwa pale. Kilichopimwa ni mtu aliyekaa sebuleni kwake akimsikia mtu mwingine, ndani ya kioo, akimwambia mtu wa tatu. Tusi halikumlenga yeye. Ngazi ile haisemi lolote kuhusu kijana wa miaka 22 aliyesimama na sinia mbele ya mgeni. Ndilo tundu nililolitaja.

Wala ngazi zenyewe hazikai mahali pamoja. Neno "bloody" ni ushahidi mzuri. Aprili 1914, huko London, mchezo wa Pygmalion wa George Bernard Shaw ulipoonyeshwa, mwigizaji Mrs Patrick Campbell, aliyecheza nafasi ya muuza maua, alilitamka neno hilo jukwaani. Ukumbi ulitaharuki, watu wakacheka kwa mshtuko, magazeti yakapata la kusema. Mwaka 1956 mchezo huohuo uligeuzwa kuwa wa nyimbo, My Fair Lady. Watungaji walitaka mshtuko uleule, lakini "bloody" halikuwa na nguvu tena ya kumshtua mtu. Wakamtafutia yule binti neno jingine, "arse", tena wakamwekea kwenye mbio za farasi mbele ya mabwana na mabibi wakubwa. Na leo "arse" nalo limeshuka hadi ngazi ya mepesi.

Siku hizi "bloody" mara nyingi hata halimtukani mtu. Linafanya kazi ya "mno" au "kweli kweli". Mwingereza akisema chakula ni "bloody good" anakusifu. Akisema jua ni "bloody hot" analalamikia jua la Januari, nawe mwenyewe unalilalamikia. Lakini akisema "bloody idiot" huku amekutazama, hapo hakuna sifa.

Tena wenye lugha wenyewe hawapatani. Mwaka 2006 Australia ilitoa tangazo la kuwaita watalii, na katika kauli yake kuu yamo "bloody" na "hell" kwa pamoja. Kwao lilikuwa tangazo la ukarimu, la kumwambia mgeni tumeshakuandalia, mbona hujaja? Wakaguzi wa matangazo ya televisheni Uingereza wakalizuia kwa sababu ya lile neno, na waziri wa utalii wa Australia akafunga safari hadi London kulitetea. Baadaye likaruhusiwa. Kabla yake, mwaka 1999, kulikuwa na tangazo la gari la Toyota Hilux huko New Zealand. Mkulima anaendesha, kila kitu kinaharibika, na neno lake ni moja tu, "bugger". Watu walilalamika, na bodi ya malalamiko ikaamua kwamba neno hilo halikuwa la kuwaudhi watu kiasi cha kulipiga marufuku. Sasa kumbuka asili ya "bugger". Ni jina la liwati, na chini ya sheria ya Mfalme Henry VIII ya mwaka 1533 kosa hilo lilimpeleka mtu kwenye kitanzi. Kutoka kitanzini hadi kuuza gari! Muislamu akilijua lilikotoka atasitasita kulitia mdomoni, na ana haki ya kusita.

Marekani nako ni shamba jingine. Kule "bloody" si tusi kabisa, ni namna ya Waingereza ya kuongea tu. "Damn" ndilo lililowasumbua. Mwaka 1939, ilipokaribia kutoka filamu ya Gone with the Wind, kanuni za sinema zililikataza neno hilo, na wenye filamu walilitaka kwenye maneno ya mwisho ya mhusika mkuu. Novemba mwaka huo kanuni ikalegezwa ili "damn" na "hell" ziruhusiwe pale ambapo hadithi inazihitaji. Desemba filamu ikatoka na neno lake. Leo Mmarekani wa mjini halisikii hata likipita, ila ukienda kwenye jamii zao za washika dini, mama atamkanya mwanawe alisemapo.

Turudi kwa yule kijana mwenye sinia, kwa sababu ninamjua. Ni mtoto wa kakangu, anahudumu mezani katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, mcheshi, kila asubuhi anamwambia joto ni "bloody" hili na kahawa ni "damn" vile, wanacheka. Siku moja mashine ya kahawa ikakwama. Kijana akamwendea mke wa mzee yule, kwa adabu zote na tabasamu lake, akamwambia samahani madam, "the bloody machine" imeharibika. Mama hakusema kitu. Jioni aliandika mstari mmoja kwenye karatasi ya maoni ya wageni, na kesho yake kijana akapewa barua ya onyo.

Alinijia nyumbani amefura. "Ami," akaniambia, "mumewe ndiye aliyenifunza neno hilo. Yeye halali, mimi haramu?"

Nilimwambia ndiyo, hivyo hasa. Na si dhuluma ya rangi, ingawa kwetu hapa ni rahisi kuanzia huko. Mhudumu Mwingereza katika hoteli ya London angepewa barua ileile. Tusi jepesi katika Kizungu ni kama kuvua viatu na kunyoosha miguu: ni ishara kwamba hapa nimestarehe, hapa tuko sawa. Mgeni anayo ruhusa ya kunyoosha miguu, kwa sababu ameilipia. Mhudumu hanayo. Mzee aliposema "bloody" alikuwa anamkaribisha kijana acheke, hakuwa anamkaribisha naye atukane. Na yule mama hakuwahi kucheka naye hata siku moja.

Kwa nini kijana hakuhisi? Hakuwa mjinga, wala hakukosa malezi. Akigongwa kidole kwa nyundo hatasema tusi la Kiswahili mbele ya mamake, ulimi utajizuia wenyewe. Lakini neno la Kizungu halina breki hiyo kwake. Mtaalamu wa lugha Jean-Marc Dewaele wa London alichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya zaidi ya watu 1,000 wenye kuzungumza lugha kadhaa, akakuta kwamba matusi ya lugha ya kwanza ndiyo yanayochoma zaidi, na ya lugha zilizojifunzwa baadaye huchoma kidogo. Ni jambo ambalo mtu anaweza kulipima mwenyewe. Tusi la lugha ya mama ulilijua siku uliyopigwa kofi kwa kulisema. La Kizungu ulilijua kwenye filamu, wakati unakula njugu. Kofi halikuwapo. Kwa hiyo sikio letu linatudanganya upande mmoja daima: linatuambia neno ni jepesi kuliko lilivyo kwa mwenyewe.

Na onyo lile lingeweza kuwa baya zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inahesabu lugha ya matusi au ya dharau kwa mwajiri, au kwa msimamizi aliyewekwa naye, kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Mashine ya kahawa si msimamizi, hilo najua. Lakini kijana aliyezoea kusema "bloody machine" Jumatatu, Alhamisi akichoka atasema "bloody" kwa supavaiza. Hata hivyo jua haki yako: kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na akusikilize. Hata kosa la lugha lina kikao chake.

Wazee wetu walilijua "bloody" kwa njia tofauti kabisa. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi bandarini Kilindini enzi za mkoloni, na neno "bladifuli" alilileta nyumbani kutoka huko, limeshaingia Kiswahili. Ukimuuliza Mwingereza wa leo, "bloody fool" ni neno la kizee, karibu la kuchekesha. Babu hakucheka. Alisema matusi mengine yote aliweza kuyaacha langoni mwa bandari, ila hilo lilimfuata hadi kitandani. Lilisemwa na mtu ambaye huwezi kumjibu, mbele ya watu unaowaongoza, na mara nyingine liliandamana na teke. Hakuna mizani ya Ofcom ya kulipima hilo. Neno lilikuwa jepesi, aliyelisema ndiye aliyekuwa mzito.

Nao Wazungu wa wakati ule walichukua neno letu wakalifanya jepesi vilevile. Masetla waliokota "shenzi" wakaliita kila kitu kibovu: mbwa asiye na nasaba "shenzi", gari chakavu "shenzi". Mwaka 1994 kampuni ya Disney ikampa fisi wa The Lion King jina la Shenzi, watoto wa dunia nzima wakalipenda. Mwambie sasa mtu mzima wa Mji wa Kale kwamba ni mshenzi! Pwani hii neno hilo liligawanya watu, huku waungwana na kule wasiohesabiwa kuwa watu, na utumwa ukiwa katikati. Mtunzi wa filamu hakulihisi hilo, kama kijana wetu asivyoihisi "bloody".

Mtu anayetaka kanuni za kufanyia kazi, mimi ninazo mbili tatu za kawaida. Tazama kwanza neno limeelekea wapi. Likielekea jua, foleni au kidole kilichogongwa, ni jepesi. Likifuatiwa na "you", hata "damn", limepanda ngazi. Tazama pia nani aliye juu na nani aliye chini, kwani tusi jepesi huteremka na huenda kando, halipandi. Na mgeni akilisema, cheka ukitaka, lakini usilirudishe. Mashine ikiharibika, "I'm sorry, the machine is not working" inatosha kabisa.

Kwa upande wa dini sitaki kuwa mufti, sina elimu hiyo. Nasema tu kwamba kwetu kulaani hakujapoa kama kulivyopoa kwao, na jina la Mwenyezi Mungu si la kutumiwa kila simu inapoanguka. Mimi "damn" silisemi. Mwenzangu akilisema simwiti kafiri, ila namwambia limetoka wapi.

Nduguzangu wa Lamu wanisamehe kwa kuwaweka mwisho, lakini lao ni la haraka. Neno "ass" katika Biblia yao ya Kiingereza ya mwaka 1611 ni punda, basi. Marekani ya leo ni makalio, tena kwa lugha isiyo ya adabu. Kijana anayemwambia mtalii wa kike kwamba atampandisha "my ass" azunguke mji kwa shilingi mia tano, aelewe kwamba bibi huyo hatauliza bei. Aseme "donkey".